Vitufe vya Upande wa Pili

Muuzaji wa Luthuli Avenue hakuniuliza kitu. Alitoa kipanya kwenye boksi, akakivua nailoni, akautafuta mkono wangu wa kulia. Alipoona umefungwa bandeji ngumu yenye bapa la chuma ndani alisita kidogo, halafu akaniwekea kiganjani vivyo hivyo.

"Skia vile ni nyepesi, siste."

"Nataka ya kushoto," nikamwambia.

"Hii inaenda mikono yote."

Nikakihamishia kushoto. Umbo lake kweli lilikuwa sawa pande zote, kama yai lililopasuliwa katikati. Lakini vile vitufe viwili vya ubavuni, ambavyo watu hubonyeza kwa kidole gumba, vilikuwa ubavu wa kushoto tu. Ukikishika kwa kulia, gumba linavilalia. Ukikishika kwa kushoto, vinakuwa chini ya kidole cha pete, kidole ambacho kazi yake ni kushikilia tu, na gumba linabaki linapapasa plastiki tupu.

"Hapa hakuna kitu," nikamwonyesha.

"Hapo si lazima."

Kwangu ni lazima. Kitufe kimoja ndicho hufungua maikrofoni nizungumze na wenzangu wanne, cha pili hutoa bomu la moshi. Ukicheza Counter-Strike halafu uanze kutafuta moshi kwenye kibodi, utakapoupata utakuwa umeshakufa na wenzako wanakuuliza ulikuwa wapi. Nilimrudishia kipanya chake. Alinitazama kama mtu aliyeingia duka la viatu akiulizia kimoja.

Nieleze ile bandeji. Mimi hulipwa kuchora visanduku. Naletewa picha ya barabara ya nchi ambayo sijawahi kuikanyaga, nazungushia kila gari kisanduku, kila mtu kisanduku, kila baiskeli, kila taa, ili kompyuta ya mtu fulani ijifunze kuona. Saa tisa kwa siku. Unabofya, unavuta, unaachia, unabofya. Jioni narudi chumbani kwangu Roysambu, nakula nilichokula, kisha nafungua laptopu na kucheza na kikosi changu hadi saa sita, wakati mwingine saa saba za usiku. Kazi na mchezo vyote viwili hupitia kwenye kifundo kimoja cha mkono.

Mwezi wa pili mwaka jana nikaanza kuamka usiku vidole vimekufa ganzi. Gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya cha pete. Kile cha mwisho kilibaki kizima, na mtaalamu wa viungo niliyekwenda kumwona alifurahi sana kusikia hivyo, maana ndiyo ilimwambia shida iko wapi. Kuna neva inayopita kifundoni kwenye kijia chembamba cha mifupa na ukano, ikisongamana humo na kano za vidole. Kano zikivimba kwa kazi, neva inabanwa. Akanifunga, akaniambia mkono wa kulia upumzike wiki sita kwanza, kisha tuone.

"Unafanya kazi gani?"

Nikamwambia.

"Na ukitoka kazini unapumzika vipi?"

Hapo nikanyamaza.

Nilikuwa nimejiharibu mwenyewe, tuseme ukweli. Meza yangu ni ndogo, na mchezaji mwenye meza ndogo hupandisha usikivu wa kipanya ili asisogee mbali. Nilikiweka hesabu 1600 kwa inchi, na ndani ya mchezo nikaongeza mara moja na nusu. Kwa Counter-Strike maana yake ni kwamba kugeuka duara zima, kutazama mbele hadi mbele tena, kulinichukua sentimita 17 tu za meza. Huo ndio urefu wa mkono wangu, kutoka mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Wachezaji wakubwa wengi hutumia nafasi mara mbili, mara tatu ya hiyo, wanasogeza kwa kiwiko na bega. Mimi nilikuwa nafanya kila kitu kwa kifundo, kama mtu anayewasha kiberiti kilicholowa.

Mashindano yalikuwa yamebaki wiki kumi. Timu ni watu watano, na wa sita alikuwa tayari anasubiri, kijana wa miaka 18 mwenye macho ya mwewe. Kapteni wetu alikuwa mpole. "Pumzika tu. Ukipona utarudi." Nikajua anachosema. Kiti kikishakaliwa hakirudi.

Basi nikaanza kuufikiria ule mkono mwingine.

*

Mimi nilizaliwa mashoto. Hili halimo kwenye picha zangu wala vyeti vyangu, kwa sababu lilirekebishwa mapema. Nililelewa Kibokoni, Mombasa, na mama wa mamangu. Sisi tunamwita Bibi, wenzangu wa bara husema nyanya, na nilipofika Nairobi nikagundua bibi huku ni mke wa mtu. Bibi alikuwa na kipande cha leso kuukuu, rangi zake zimefifia, ambacho saa ya chakula alikitoa mfukoni mwa dera na kunifungia mkono wa kushoto kiunoni. Hakunipiga. Hakukaripia. Alifunga fundo taratibu, akanipulizia chakula kipoe, akasema bismillahi, na sisi wote tukala. Kushoto ni mkono wa chooni. Wa kulia, jina lenyewe lakwambia, ndio wa kulia chakula. Waliotutangulia waliuita mkono wa kuume, na huu mwingine wakauita wa kuke, na mimi binti wa miaka minne nilikuwa nakatazwa ule ulioitwa wangu.

Chuoni pia nilibadilishwa. Hapo nilikuwa na hoja, ingawa sikuwa na ulimi wa kuisema: herufi za Kiarabu hutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo mashoto ndiye asiyefuta wino wake anapoandika. Mkono unatangulia, maneno yanafuata nyuma yake makavu. Sidhani mwalimu angependezwa.

Kwa hiyo siku ya kwanza nilipoingia saiba, ile iliyokuwa karibu na stendi ya matatu, shilingi moja kwa dakika, kipanya kilikuwa kulia na waya wake mfupi umefungwa kamba kwenye mguu wa meza kisiibwe. Nami nilishafunzwa. Sikuwaza hata mara moja kwamba kingeweza kukaa upande wa pili.

Na si saiba ile tu. Kipanya cha kwanza kabisa kilikuwa kigae cha mbao alichokitengeneza Bill English mwaka 1964, kwa wazo la Douglas Engelbart, kwenye taasisi ya utafiti ya Stanford huko Kalifornia. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart alikionyesha mbele ya watu San Francisco. Ipo filamu yake. Mkono wake wa kulia uko juu ya kipanya, na wa kushoto uko juu ya kitu kingine, kibao kidogo cha vitufe vitano kama vya piano, cha kuandikia kwa kubonyeza kadhaa pamoja. Kile kibao kilisahaulika. Mkono wa kulia ukabaki na kipanya.

*

Ukitaka kununua kipanya cha mashindano utaambiwa mambo mengi, na mengi ni ya kuuza boksi. Hesabu 26,000 kwa inchi, hesabu 30,000, nani anazitumia? Karibu kila mchezaji wa Counter-Strike yuko 400 au 800. Taa za rangi hazilengi. Kwamba kiripoti kwenye kompyuta mara 1000 kwa sekunde badala ya 125, hilo lina maana, lakini siku hizi hata cha bei ya chini kinafanya hivyo. Kinachobaki ni umbo, uzito, na vitufe viko wapi. Yaani kinachobaki ni mkono wako. Kuna wanaokilalia kwa kiganja chote, kuna wanaokishika kama mwewe na kifaranga, na kuna wanaokigusa kwa ncha za vidole tu. Mimi ni wa mwewe. Hakuna tovuti itakayokuambia lolote kuhusu hilo mpaka uketi nacho nusu saa, na hakuna duka litakalokuachia uketi nacho nusu saa.

Nilipoanza kutafuta cha kushoto nikakuta habari iliyoniuma zaidi ya kifundo. Vilikuwepo! Mwaka 2018 Logitech walitoa G Pro isiyo na waya, gramu 80, vitufe vya ubavuni unabandika upande unaotaka, au pande zote. Mwaka uliofuata Razer wakatoa Viper, gramu 69, vitufe viwili kila ubavu. Halafu mbio za uzito zikapamba moto. Kila kampuni ikawa inakwangua gramu. Logitech wakatoa Superlight mwaka 2020, chini ya gramu 63, na vitufe vikabaki upande mmoja tu. Viper ikapungua hadi gramu 58 mwaka 2022, na vile vya ubavu wa kulia vikaondoka. Umbo likabaki sawa pande zote, ndiyo maana muuzaji wangu alikuwa na haki ya kusema inaenda mikono yote. Lakini walipotafuta cha kupunguza, walipunguza sisi.

Sisemi kuna mtu alikaa mezani akatuchukia. Nadhani hakuna aliyetukumbuka tu.

*

Katikati ya hayo ikaingia Idi. Nikapanda treni kwenda Mombasa na bandeji yangu.

Sinia lililetwa, pilau ya nyama, kachumbari, ndizi. Tuliketi watu saba chini. Nikaomba kijiko, na kijiko nikakishika kwa kushoto, kwani ningefanyaje? Sikuwa nimekifikisha mdomoni.

"Mkono gani huo?" Bibi akauliza.

"Huu mwingine wauma, Bibi. Daktari kaufunga."

Mama akatazama ukuta. Binamu zangu wakaacha kutafuna. Bibi hakusema la pili. Alijisogeza kwa makalio yake kuzunguka sinia, kwa shida, magoti yake si mazuri siku hizi, hadi akawa ubavuni pangu. Akanitoa kijiko mkononi, akakiweka chini. Akafinya tonge la pilau, akaling'oa mfupa, akalipuliza.

"Fungua kinywa."

Nina miaka 26. Nalipa nyumba. Nilifungua kinywa. Binamu zangu walicheka hadi mmoja akapaliwa, na Bibi akaendelea kunilisha tonge baada ya tonge mpaka nikashiba, na yeye akala baadaye peke yake, chakula kimepoa. Sijui hadi leo kama lile lilikuwa pendo au amri. Nilikuwa nataka kulia na nilikuwa na njaa.

Jioni tukaketi barazani na chai ya tangawizi. Nikaona bora nimwambie kabla hajaambiwa na mtu. Kwamba kuna mchezo, kwamba una mashindano, kwamba nataka kununua kipanya cha kushoto na nitakuwa nautumia mkono ule kila siku, kazini na nyumbani. Nilimweleza vibaya. Akasikiliza akizungusha kikombe.

"Hicho kipanya chaliwa?"

"La, Bibi."

"Wampa mtu salamu nacho?"

"La."

"Basi kishike utakavyo. Mimi nilikukataza kula nao na kupa watu vitu. Kucheza sikukukataza."

Nilitaka kumuuliza, na kalamu je? Kalamu hailiwi pia. Mwandiko wangu hadi leo ni kama wa mtu aliye ndani ya matatu ya barabara mbovu. Lakini upepo wa bahari ulikuwa mzuri, na yeye alikuwa amenilisha kwa mkono wake, nikanywa chai.

*

Viper ile ya 2019 nilimpata nayo kijana mmoja anayeuza vyake apate nauli ya kusafiri. Tulikutana mkahawani mjini, nikaenda na laptopu yangu. Alitaka elfu sita, nikamtumia 4,800 kwa M-Pesa mkono wangu wa kushoto ukitetemeka kidogo kwenye simu. Waya ulikuwa umechakaa karibu na shingo, na miguu ya chini imelika. Kitufe kikuu cha kushoto kilikuwa kimeng'aa kama kisigino cha kandambili kwa miaka ya kubonyezwa.

Kisha nikageuza kutazama ubavu wa kulia. Vitufe viwili, bado vina ule ukavu wa kitu kipya, mistari yake haijafutika, hata vumbi lilikuwa limekaa kwenye mfereji wake bila kusumbuliwa. Vilikuwepo miaka yote hiyo na hakuna kidole kilichovigusa. Nikavibonyeza. Vikalia kwa ukali, ta, ta.

"Hivyo sijawahi kutumia," kijana akasema, kama anaomba msamaha.

Kina urefu wa karibu milimita 127, ni kirefu kwa mkono wangu. Ningekuwa natumia kulia nisingekinunua. Nilikinunua.

Wiki ya kwanza sitaki kuikumbuka. Nilipindua vitufe vikuu ili kidole cha shahada kiwe ndicho cha kupigia. Nikahamisha miguu ya mchezo kutoka W, A, S, D kwenda I, J, K, L ili mkono wa kulia uketi bila kujikunja, maana kazi yake sasa ilikuwa kubonyeza kidogo tu. Nikashusha usikivu hadi hesabu 800 na moja ndani ya mchezo, sentimita 52 kwa duara moja. Nikahamisha sufuria na redio kutoka mezani. Halafu nikaingia kwenye uwanja wa mazoezi na nikafa. Nikafa tena. Kuna mtoto mahali fulani duniani aliyenipiga mara kumi na moja kwenye mlango mmoja, naye aliandika kwa Kiingereza kuuliza kama mimi ni roboti. Mshale ulikuwa unakwenda ninakoutuma, lakini ukifika unapitiliza, kama mlevi anayetafuta kitasa.

Kazini ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kule nilikuwa napoteza pesa. Visanduku vyangu vilikata magurudumu ya magari. Nikapata onyo la kwanza, kisha la pili, na la tatu ni kwenda nyumbani. Nilikaa nikifanya masaa mawili ya ziada bila malipo, nikirekebisha visanduku vyangu mwenyewe ili idadi itimie. Ni kazi ile ndiyo iliyonifunza mkono wa kushoto, si mchezo. Visanduku elfu mbili kwa wiki vitamfunza hata mwiko wa ugali.

Wiki ya tano nilimwomba kapteni anijaribu. Zamani nilikuwa wa kuingia kwanza mlangoni. Sasa akanipa kazi ya nyuma, kurusha moshi na kulinda mgongo wa wenzangu, mahali ambapo haraka si muhimu sana kama kuwa pale pale unapotakiwa. Nilikasirika siku mbili. Yule wa macho ya mwewe akachukua nafasi yangu ya mbele, na kwa haki.

Counter-Strike 2 ilipotoka Septemba 2023 bunduki ilikuwa mkono wa kulia wa skrini tu, ile hiari ya zamani ya kuihamisha iliondolewa. Aprili 2024 wakairudisha, na sasa unaihamisha kwa kubonyeza H. Mimi naiweka kushoto. Shida ni kwamba H iko jirani na J, na J ndiyo mguu wangu wa kushoto, kwa hiyo nikikimbia kwa hofu bunduki huruka upande mmoja wa skrini hadi mwingine. Ningeweza kubadilisha kitufe hicho. Kila siku nasema nitakibadilisha.

Siku ya mashindano tulipangwa meza ndefu, kompyuta tano zimebanana bega kwa bega. Dakika tano za kwanza mkono wangu wa kushoto ulikuwa unagongana na wa kulia wa jirani yangu, vipanya viwili vikitafuta pahali pamoja. Kapteni akatazama, akamwomba mwamuzi ruhusa, akasimamisha timu nzima, akanipeleka mwisho wa meza upande wa kushoto kabisa. Waya zikachomolewa na kuchomekwa. Wapinzani wakasubiri wakinywa soda.

Mechi ya kwanza tulishinda. Ya pili tulifungwa 13 kwa 10. Raundi ya mwisho nilibaki peke yangu dhidi ya wawili, nikampiga wa kwanza kupitia moshi wangu mwenyewe, nikageuka kumtafuta wa pili na bunduki ikaruka kwenda kulia. Sijui kama ndiyo iliyoniua. Pengine ningekufa tu.

Usiku Bibi akapiga simu.

"Kipanya kimeshinda?"

"Kimeshindwa, Bibi. Lakini si vibaya."

"Na mkono?"

"Waendelea vizuri. Bandeji nimevua."

"Alhamdulillahi. Umekula?"

"Ndio nala saa hii."

"Wala kwa mkono gani?"

Nikatazama kijiko. Nikamwambia laini inakatika.